Meno ya Nyuma

Rafu ya darasa langu niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai niliyopewa na mwenye duka mmoja wa Garsen. Ilikuwa imeinama upande wa kushoto, na chupa zilizopangwa juu yake zilionekana kama zinataka kuteleza. Ndani ya chupa hizo za jamu mlikuwa na chura, nge, jongoo, mjusi aliyekatika mkia, na popo aliyekunja mabawa kama mtu aliyejifunika shuka. Mama yangu alichungulia mara moja tu mlangoni, akaniuliza kama ninalipwa mshahara kwa kazi hiyo, akaenda zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu kule pwani, nikapangwa katika shule ndogo ya misheni kando ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtumbwi kutoka Garsen. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari huko bara. Malori ya serikali yalipita Garsen yakielekea kambi ya wafungwa ya Hola yakiwa yamefunikwa turubai, na watu walioyaona walishusha sauti mpaka yapotee. Kwetu sisi wa chini ya mto maisha yalikuwa mpunga, ndizi, mbu, na kusubiri maji yapande au yashuke.

Kitabu nilichopewa cha kufundishia elimu ya wanyama kilikuwa cha Kiingereza. Wanyama wake walikuwa wa nchi ya baridi, wenye manyoya mengi, na hakuna hata mmoja ambaye mimi au wanafunzi wangu tuliwahi kumwona. Lakini mpango wake niliupenda. Niliupenda kuliko kitu chochote nilichojifunza chuoni. Kwanza unauliza: ana uti wa mgongo au hana? Kisha unaendelea: ana magamba, manyoya, au ngozi tupu? Anataga au anazaa? Anapumua kwa mapafu au kwa matamvua? Kila swali lilifunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na mwishoni kila kiumbe alikuwa na chumba chake. Mimi niliyekulia mahali ambapo mto unahama na kuacha kijiji upande usio wake, niliona raha kubwa kujua kwamba kuna kitu duniani kisichohama.

Maneno ya Kiswahili ya mambo hayo nilikuwa sina, nikayaunda. Mamalia niliwaita wanyonyeshao, reptilia nikawaita watambaao. Niliandika ubaoni kwa chaki: SIFA BAINIFU. Wanafunzi walinakili, kisha wakaanza kunishinda.

Popo walimweka kwa ndege. Nilipowaonyesha kwamba ana meno na masikio na huwanyonyesha watoto wake, wakaandika, lakini nyuso zao zilikataa. Kiboko hawakuwa na shida naye. Kamongo ndiye aliyenitoa jasho. Ni samaki yule wa kwetu mrefu kama mkono, ambaye mabwawa yakikauka hujizika kwenye tope akapumua hewa miezi mingi mpaka maji yarudi. Msichana mmoja, miongoni mwa wasichana watatu tuliokuwa nao, alisimama akaniuliza:

"Mwalimu, huyu ana mapezi na ana mapafu. Tumwandike wapi?"

"Mwandike kwa samaki," nilisema.

"Na mapafu yake?"

"Mwandike kwa samaki."

Akakaa. Nakumbuka jinsi alivyoandika taratibu, akiwa hakuridhika. Kitabu changu hakikumtaja.

Aliyekuwa ananiletea wanyama ni kaka yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka saba. Baba yetu alikufa kwa homa mwaka ambao mafuriko yalichukua ghala letu, na tangu hapo yeye ndiye aliyelima, aliyevua, na aliyenipeleka shule. Yeye mwenyewe alisoma mpaka akajua kuandika jina lake, basi. Hakuwahi kulisema jambo hilo kama deni. Nilipotoka chuoni nikiwa nimevaa suruali ndefu, alinizunguka mara mbili akinitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Rafu ile aliipenda kuliko wanafunzi walivyoipenda. Jioni akitoka shambani alipitia darasani, akasimama mbele yake na jembe begani, akauliza kila mmoja yuko kabila gani. Ndivyo alivyoyaita makundi yangu, makabila. Yeye alikuwa na mpango wake, naye alinieleza bila haya: wako wanaoliwa, wako wanaoharibu shamba, wako wanaouma, na wako wa kuachwa wapite.

"Huo si mpango, kaka," nilimwambia. "Nguruwe mwitu anaharibu shamba na wengine wanamla. Utamweka wapi?"

"Nitamweka kwenye mkuki," akasema, tukacheka wote.

Lakini alijifunza. Baada ya miezi kadhaa alikuwa akinyanyua kiwavi na kusema, "Huyu hana uti," kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo. Nilijivuna. Niseme ukweli, nilijivuna zaidi kwa kumfundisha yeye kuliko kwa kuwafundisha watoto wa watu, maana niliona kama namlipa.

Mwaka huo masika yalikuwa mazito. Maji yalichelewa kushuka, na barabara ya Malindi ilikatika mbele ya Tarasaa kwa wiki nyingi. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, ndege walishuka kwa maelfu, na kila nyumba ilipeleka watu wake mashambani kuwafukuza kwa makopo na kombeo. Kaka alikuwa huko tangu alfajiri na mke wake. Walikuwa na binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

Siku hiyo, baada ya watoto kwenda nyumbani, alikuja shuleni akiwa amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kipande cha mkeka na kufungwa kwa kamba. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Karibu yangu alikuwa mama mmoja wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila siku ya pili. Alikuwa amekaa akisubiri nimrudishie kibuyu chake.

"Leo nimekuletea mkubwa," kaka alisema. Alikuwa anatweta. "Nimewasikia ndege wanapiga kelele kwenye mti kama wamefiwa. Nikaangalia juu, nikamwona. Amejinyoosha kama tawi, anakula makinda."

Alikuwa amembana kwa panda ya mti na kumtia kikapuni akiwa mzima. Alifungua upande mmoja, akaingiza mkono uliofungwa kitambaa, akamtoa akiwa amemshika nyuma ya kichwa. Alikuwa nyoka mrefu, mwembamba, wa kijani cha majani mabichi. Macho yake yalikuwa makubwa na ya mviringo. Alikuwa mzuri. Hata leo siwezi kusema vinginevyo.

Mama wa Kiorma alisimama. "Mwalimu, wacha hiyo. Hiyo mbaya."

Nilitabasamu. Yeye aliwahi kuniambia hivyo hivyo kuhusu mjusi wa rafuni, na kuhusu kinyonga, na watu wote wa mtoni walisema hivyo kuhusu kila kitu kitambaacho. Kwao nyoka wote walikuwa wabaya, kwa hiyo neno hilo halikunieleza kitu. Ninalisema hili si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndivyo nilivyofikiri wakati huo, na nilifikiri vizuri kiasi cha kuridhika.

Tena sikuwa mzembe. Nilijua kuna nyoka wa kijani wa miti ya pwani ambaye akikuuma huna muda. Nilijua pia kwamba wako wengine wa kijani, wengi zaidi, wasio na madhara yoyote. Kitabu kilieleza namna ya kuwatenganisha: nyoka wa hatari ana meno mawili marefu mbele ya taya la juu. Ukiyaona, jihadhari. Usipoyaona, huyo ni wa kawaida. Sifa bainifu.

"Mbane vizuri," nilimwambia kaka. "Nataka kuona kinywa."

Nilichukua penseli yangu, nikaipitisha kati ya midomo ya yule nyoka, nikaipandisha. Kinywa kilifunguka. Nilitazama kwa makini, nikainama mpaka nikahisi harufu yake. Mbele palikuwa na safu ya vijino vidogo sawasawa kama vya msumeno. Hapakuwa na meno marefu.

"Hana," nilisema. "Huyu hana sumu, kaka. Unaweza kumlegeza kidogo, unamnyonga. Nataka nimpime urefu kabla hatujamtia chupani."

Akamlegeza.

Nyoka hakurusha kichwa kama nilivyotarajia nyoka afanye. Aligeuka taratibu ndani ya mkono wa kaka, akashika nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimeteleza, akang'ata. Hakuachia. Alitafuna, taya likienda mbele na nyuma kama mtu anayekula kitu kigumu. Kaka alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko kwa maumivu. Ilibidi nimwachanishe kwa penseli ile ile.

Mama wa Kiorma alichukua kibuyu chake, akaondoka bila kuaga.

Mkono ulikuwa na matundu madogo, damu kidogo. Kaka aliufuta kwa kitambaa.

"Inauma?" niliuliza.

"Kama mwiba wa mchongoma. Una hakika, mdogo wangu?"

"Nina hakika."

Hakuuliza mara ya pili. Alimuua nyoka mwenyewe kwa kumgonga kichwa na mpini wa jembe, kwa uangalifu asiharibu umbo, tukampima kwa rula ya darasani, tukamkunja ndani ya chupa kubwa, tukamwaga spiriti. Kwenye karatasi niliandika: *Nyoka wa miti. Si wa sumu.* Nikaigundisha kwa uji wa muhogo.

Mama aliusikia mkasa huo kabla ya magharibi. Alitaka kaka apelekwe zahanati Garsen papo hapo. Nilimzuia. Nilimweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mwanafunzi wa darasa la kwanza, tofauti ya meno ya mbele na meno mengine. Kaka alikuwa amekaa anakula wali na samaki, mkono haukuwa umevimba, na alimwambia mama, "Mwache, mama. Yeye amesoma."

Asubuhi alikwenda shambani. Saa nne shemeji, mke wake, alimrudisha kwa sababu kichwa kilimgonga na alikuwa ametapika. Nilisema ni jua, au ni malaria; kila mtu mtoni alikuwa na malaria. Nilimpa vidonge vya kwinini nilivyokuwa navyo. Adhuhuri shemeji alikuja darasani mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni mbele ya watoto wote.

"Njoo umwone kaka yako. Anatoka damu kwenye ufizi."

Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba akitema kwenye kata ya maji. Mate yake yalikuwa mekundu. Mguuni alikuwa na kidonda cha zamani cha jembe, kilichopona wiki mbili nyuma. Kilikuwa kimefunguka, kinavuja. Chini ya ngozi ya mikono yake palikuwa na madoa ya rangi ya zambarau mbivu. Alinitazama, nami niliona kwamba hana hasira, anasubiri tu nimwambie ni nini.

"Ni nini, mdogo wangu?"

"Sijui," nilisema. Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomwambia tangu jana yake.

Tulimlaza kwenye mtumbwi, majirani wawili wakapiga kafi, shemeji akamshika kichwa, mama akakaa mbele akiwa ametugeuzia mgongo. Mto ulikuwa bado mkubwa na ulikuja dhidi yetu. Kaka alizungumza njiani. Aliuliza kama ndege wamefukuzwa. Aliuliza nani amebaki na mtoto. Mara moja alitaka kukojoa, tukamsaidia, na tulipoona rangi ya mkojo wapiga kafi wakaongeza nguvu.

Dresa, mhudumu wa dawa wa zahanati, alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwangalia kinywa, macho, madoa, akauliza aliumwa na nini. Nilimweleza. Aliuliza nyoka alikuwa na macho ya namna gani.

"Makubwa," nilisema. "Ya mviringo. Lakini meno ya mbele hana. Nilitazama."

Dresa alivua miwani. "Mwalimu, yako nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko mmoja ambaye meno yake yako nyuma, chini ya jicho. Niliwahi kumwona mtu aliyeumwa naye huko Kipini. Sumu yake haina haraka. Damu inasahau kuganda."

"Dawa yake?"

"Hapa hakuna. Sijui kama Malindi ipo, na Malindi hufiki. Barabara haijafunguka."

Alimpa alichokuwa nacho, akamfunga vidonda kwa bendeji ambazo zililowa mara moja. Hakukosea kitu, wala hakunyima kitu. Kaka alikaa siku hiyo na usiku wake na siku iliyofuata mpaka alasiri. Mwishoni hakuona vizuri. Alinishika mkono akidhani mimi ni mama, akaniambia nisimlaumu yule mtoto. Sikujua ni mtoto gani anayemsema, mpaka nikaelewa kwamba ni mimi.

Alifariki jua likiwa bado kali, watu wakiwa kwenye kivuko wanavuta kamba na kupigiana kelele kuhusu mbuzi aliyeanguka majini.

Tulimzika nyumbani. Mwinjilisti alisema maneno yake, na waliokuja kuomboleza walisema ilikuwa siku yake, nami niliwaacha waseme. Walidhani amekutana na nyoka mtini, akamuuma. Nilidhani hakuna aliyejua habari ya penseli. Mama alijua nilivyomzuia kwenda Garsen, lakini nilidhani haijui nusu ya kwanza. Shemeji hakujua lolote ila kwamba mume wake aliumwa barazani pa shule.

Siku ya nne niliingia darasani peke yangu, nikaiteremsha ile chupa. Nilimtoa nyoka, nikamlaza juu ya gazeti kwenye meza yangu. Rangi yake ya kijani ilikuwa imeanza kufifia kuwa ya udongo. Nilifungua kinywa chake kwa ncha ya kalamu, nikapita ile safu ya vijino, nikaendelea nyuma zaidi, mahali ambapo siku ile sikufika. Chini ya jicho, ndani ya ufizi mlaini, kulikuwa na meno. Matatu kila upande, marefu, yamelala kuelekea kooni, na kila moja lilikuwa na mfereji mwembamba ubavuni. Nilihitaji kufungua kinywa upana wa kidole kimoja zaidi. Nilikaa pale mpaka macho yakaniuma.

Sikuwa na ujasiri wa kumweleza mama kwanza. Nilimweleza shemeji. Alikuwa uani anapepeta mchele, binti yake amelala mgongoni. Nilisema yote: kwamba mimi ndiye niliyetaka kuona kinywa, kwamba nilisema hana sumu, kwamba nilimwambia amlegeze. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Alikuuliza kama una hakika?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema nina hakika."

Aliendelea kupepeta. Nilisubiri anitukane, anirushie ungo, apige ukelele majirani waje. Alipomaliza kupepeta alisema, "Alikuwa anakuja nyumbani ananifundisha. Usiku tukilala ananiambia, bundi yuko kabila hili, kenge yuko kabila hili. Mimi nilikuwa nasinzia." Kisha akaniomba niondoke.

Miezi miwili baadaye ndugu za shemeji walikuja kutoka Kinakomba, kwao, kumchukua. Mama aliwasihi wamwachie mjukuu, wakakataa. Shemeji aliniaga kwa mkono, kama mtu anayemuaga mwalimu. Mtoto alikuwa amejifunza kusema neno "maji", na akalisema mara nyingi mtumbwi ulipokuwa unaondoka.

Darasani niliendelea na kazi. Watoto walikuwa hawaitazami tena rafu, wakapita upande wa pili wa chumba. Siku moja yule msichana wa kamongo alisimama akauliza kama wamwandike yule nyoka kwa wenye sumu au wasio na sumu, kwa maana karatasi ya chupa ilisema hivi na watu walisema vile. Niliibandua karatasi mbele yao. Niliwaambia kwamba niliiandika mimi na kwamba niliandika vibaya, na kwamba kaka yangu alikufa kwa sababu nilitazama mbele nikaacha kutazama nyuma. Nilitaka kuendelea kueleza meno na mfereji wake, lakini watoto walikuwa wameinamisha vichwa kwa ajili yangu. Kengele ilipogongwa walitoka bila kelele.

Mama nilimweleza wakati wa mavuno. Shamba la kaka lilikuwa limeliwa sana na ndege, kwa kuwa siku zile za msiba hakuna aliyekwenda kuwafukuza. Tulikuwa wawili tu, tukisimama kwenye tope linalofika magotini, tukikata masuke machache yaliyobaki kwa visu vidogo. Nilisema nikiwa nimemgeuzia uso nusu. Yeye hakuacha kukata.

"Nilijua," alisema. "Yule mama wa maziwa aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikuseme ili iweje? Nilikuwa na wana wawili."

Alinipa kikapu chake nikibebe kwa sababu kilikuwa kimejaa nusu na mkono wake ulikuwa unamsumbua. Tuliendelea na mstari mwingine. Masuke mengi yalikuwa mapepe, matupu ndani, lakini tuliyakata hivyo hivyo mpaka tukafika mwisho wa shamba.